Jinsi ya Kulinda Handaki la Pikipiki ya Theluji Lisiharibiwe na Mawe, Barafu na Vijiti

Handaki ni lile bati refu la alumini lililokunjwa pande mbili, ambalo mkanda wa mpira wa pikipiki ya theluji (snowmobile, chombo chenye skii mbele na mkanda nyuma) huzunguka ndani yake. Kiti na tangi la mafuta vimekaa juu yake, vikanyagio vimeungwa ubavuni, na sasipenshi ya nyuma imefungwa humo humo. Pamoja na mzigo wote huo, unene wa bati lenyewe kwa kawaida ni kama milimita 2 tu au pungufu.

Kwa mashine zinazopozwa kwa maji, tatizo halisi si bati. Ni vipozeo vilivyofungwa kwenye dari ya handaki. Mashine nyingi za aina hii hazina rejeta yenye feni kama ya gari; kulanti (maji ya kupozea injini) hupita kwenye vipozeo vya alumini vyenye mbavu, na mkanda unavirushia theluji ili vipoe. Kinachorusha theluji ndicho kinachorusha mawe. Bati likibonyea utaishi nalo miaka, lakini kipozeo kikitoboka porini kulanti inaisha, injini inachemka, na unarudi nyumbani kwa kukokotwa.

Kwa hiyo kabla hujashika drili, liweke hili kichwani: kazi ni kulinda vipozeo bila kuvifunika. Nusu ya kinga mbaya tunazoziona ni za watu waliofunika handaki lote kwa plastiki au rangi ya mpira, halafu wakashangaa taa ya joto inawaka kwenye siku ya nyuzi 15 chini ya sifuri.

Jiwe linapiga wapi

Sehemu ya chini ya mkanda imekanyaga theluji. Ya juu inakimbia kuelekea mbele. Ukienda kilomita 80 kwa saa, mkanda unapita chini ya dari ya handaki kwa kasi hiyo hiyo ya 80. Jiwe lililonaswa kati ya meno ya mkanda hunyanyuliwa nyuma, pale mkanda unapozunguka magurudumu ya ekseli ya nyuma. Likichomoka hapo, hugonga pazia la mpira la nyuma, kisha mara nyingi hudunda na kurudi juu kwenye kipozeo cha nyuma au ukingo wa handaki. Lisipochomoka, hubebwa juu hadi mbele, ambako mkanda unapinda ghafla kuzunguka sproketi (gurudumu la meno linalouendesha), na hapo hurushwa kwenye ukuta wa mbele wenye kipozeo cha mbele.

Kuna pia mikwaruzo mirefu kwenye kuta za pembeni. Hiyo mara nyingi haitokani na jiwe lililorushwa bali lililobanwa kati ya ukingo wa mkanda na ukuta, au mkanda wenyewe umekaa upande. Ukiona mikwaruzo upande mmoja tu, rekebisha mkanda kwanza. Kinga utakayobandika hapo italiwa ndani ya msimu mmoja.

Ukaguzi

Mashine izimwe, ufunguo utolewe. Nyanyua nyuma kwa stendi imara mpaka mkanda uelee. Safisha handaki kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukaushe, uwashe tochi yenye mwanga mkali na kuilaza karibu na bati ili mibonyeo itoe kivuli. Tafuta mambo haya:

- Alama nyeupe, kavu, za unga kwenye mbavu za kipozeo, au utelezi wenye rangi ya kulanti. Zote ni dalili ya uvujaji.
- Mistari iliyochongwa sambamba kwenye dari. Hiyo ni misumari ya mkanda (ya kushikia barafu, kama ipo) au meno yanayogusa.
- Nyufa zinazoanzia kwenye matundu ya ribiti, hasa pale mikono ya sasipenshi ilipofungwa.
- Ribiti zinazocheza. Ribiti iliyolegea huacha duara jeusi la vumbi la alumini kuizunguka.

Pima pia nafasi kati ya ncha za mkanda na dari; utaihitaji kwenye hatua ya 3 ya kufunga. Kisha piga picha. Msimu ujao utataka kujua mbonyeo fulani ni mpya au wa zamani, na kichwa hakikumbuki.

Yasiyohitaji kinga wala ribiti

Pazia la mpira la nyuma lisikatwe. Waendeshaji wa milimani wengine hulifupisha ili lisinaswe kwenye theluji nzito, na huko kwenye theluji ya kiuno wana sababu. Kwenye njia ngumu ya Minnesota (Marekani) au Ontario (Kanada), pazia fupi lina hasara mbili: mawe yanamwendea anayekufuata, na theluji inayopaswa kurudi kwenye kipozeo cha nyuma inapotea. Hatari nyingine ya pazia ni kurudi nyuma. Ukirudi kinyumenyume kwenye theluji ya kina, pazia huingizwa kati ya mkanda na handaki na kukunja ukingo wa bati. Kamba au kishikio cha kulizuia lisiingie ndani ni kifaa cha bei ndogo, na kwa mashine inayorudishwa nyuma mara kwa mara tunakiona cha lazima.

Mvutano wa mkanda ni jambo la pili. Mkanda uliolegea huvimba juu kwenye kasi na kupiga dari. Ukikazwa kupita kiasi unakula nguvu ya injini na kumaliza reli za plastiki za sasipenshi. Vitabu vya mashine hueleza kupima kwa kuning'iniza uzito katikati ya mkanda; Polaris mara nyingi hutumia kilo 4.5 na Ski-Doo kilo 7.3, kisha unapima mkanda umeshuka milimita ngapi kutoka kwenye reli. Fuata namba ya modeli yako, si ya jirani.

La tatu ni misumari ya kabaidi, kama mkanda unayo. Kwa matumizi ya njiani ncha ya msumari huzidi jino la mkanda kwa takriban milimita 6 hadi 10. Ukizidisha hapo hupati mshiko wa maana, unapata ncha iliyo karibu zaidi na kipozeo. Kaza nati zote tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu msumari uliolegea hung'oka na bamba lake, na unapopita juu huchana alumini. Mkanda wenye misumari bila vipande vya kinga kwenye handaki ni kutafuta hasara. Watengenezaji huuza vipande hivyo kwa kila modeli. Kama vya modeli yako vipo, vinunue hivyo na uruke sehemu kubwa ya hatua zinazofuata.

Kuchagua kinga

Tunayoipendekeza kwa kujifungia mwenyewe ni plastiki ya poliethilini aina ya UHMW, unene wa milimita 3. Inateleza, haishikwi sana na barafu, na kwenye baridi kali inabaki na ugumu wake bila kupasuka. PVC na plastiki za mabango hazifai kabisa. Nyuzi 20 chini ya sifuri jiwe moja linazivunja vipande.

UHMW ina tabia mbili za kuzijua. Haikamatwi na gundi, kwa hiyo silikoni na gundi za kawaida zitabanduka. Ni lazima ribiti au bolti. Na inasinyaa sana kwenye baridi, takriban milimita 0.15 hadi 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Kipande cha mita 1 kilichofungwa gereji kwenye nyuzi 20 kitapungua milimita 7 hadi 9 nje kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Ukikibana kwa matundu ya duara, ama kinapasuka kwenye matundu ama kinang'oa ribiti. Ndiyo sababu hapa chini tunakata vipande vifupi.

Alumini juu ya alumini inafaa kwa ukingo wa nyuma tu, ambako unahitaji ugumu. Chuma, hata kile kisichoshika kutu, kikikaa juu ya alumini yenye maji ya chumvi huila alumini. Chumvi hiyo haitoki porini. Inatoka barabarani, ukiikokota mashine kwenye trela bila turubai.

Rangi ya mpira ya kunyunyiza, ile inayopakwa kwenye mabodi ya pikapu, inafaa kuta za pembeni na sehemu za dari zisizo na kipozeo. Inazuia mikwaruzo na vipande vya barafu. Jiwe kubwa kwenye kasi haliijali.

Vifaa

Kwa mashine yenye mkanda wa upana wa inchi 15 (sentimita 38) na kipozeo kinachopita katikati ya dari:

- Shiti moja ya UHMW, milimita 3, sentimita 60 kwa 120. Itabaki.
- Ribiti 30 za alumini zenye kipenyo cha milimita 4.8, kichwa kipana cha milimita 16, za kubana unene wa milimita 5 hadi 6.5.
- Washa 30 za alumini za milimita 5.
- Biti za drili za milimita 4.9 na 5, tupa ndogo ya duara, bunduki ya ribiti, kalipa, alama ya wino, miwani.
- Utepe wa karatasi, kadi nyembamba ya biashara, dawa ya kuzuia nati kulegea.

Kufunga, hatua kwa hatua

1. Toa kiti, kisha tangi la mafuta. Hatua hii watu huiruka, na haifai kurukwa. Unatoboa kutoka chini kwenda juu, na tangi la plastiki limekaa juu ya bati hilo hilo. Biti ikipita milimita chache tu iko ndani ya petroli. Hata usipolitoboa siku hiyo, mkia wa ribiti uliobaki chini ya tangi utalisugua mpaka litoboke. Angalia pia waya za taa ya nyuma na mipira ya kulanti inakopita.

2. Legeza mvutano wa mkanda, fungua bolti za sasipenshi (kwa kawaida 4, mbili kila upande), ilaze mashine ubavu juu ya makaratasi na uishushe sasipenshi. Mkanda unaweza kubaki, ukisukumwa pembeni.

3. Hesabu nafasi kwa vipimo ulivyochukua wakati wa ukaguzi, kabla hujatoa chochote: kutoka ncha ya jino au ya msumari hadi dari, na hadi sehemu ya kipozeo iliyo chini zaidi. Plastiki itakula milimita 3, kichwa cha ribiti kama 2 zaidi. Kitabu kikitaja nafasi ya chini kabisa, hiyo ndiyo sheria. Kisipotaja, sisi hatufungi kama nafasi itakayobaki ni chini ya milimita 15, kwa sababu mkanda huvimba kwenye kasi.

4. Kata vipande vinne, kila kimoja upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 45. Viwili vitafuatana upande wa kushoto wa kipozeo, viwili upande wa kulia. Vinakaa kwenye bati tupu, sambamba na kipozeo, si juu yake. Kama kipozeo chako kinashuka chini ya dari zaidi ya milimita 3, weka vipande viwili kimoja juu ya kingine, kwa ribiti ndefu zaidi, ili kinga ishuke chini kuliko kipozeo. La sivyo meno yatakigusa kipozeo kabla ya kuigusa kinga, na umefanya kazi bure.

5. Chonga ukingo wa nyuma wa kila kipande kwa mteremko wa nyuzi 45. Mkanda unakuja kutoka nyuma kwenda mbele, kwa hiyo ukingo wa nyuma ndio unaopokea kipigo. Kati ya kipande na kipande acha mwanya wa milimita 5. Ukipenda kuvipandanisha, kipande cha nyuma ndicho kiwe juu ya ukingo wa kile cha mbele upande wa mkanda, kama mabati ya paa yanavyopishana kwa kufuata maji. Ukigeuza, jiwe litaingia kwenye ukingo na kubandua kipande kizima.

6. Kwenye kila kipande weka matundu 5, la kwanza sentimita 2.5 kutoka mwisho na mengine kila sentimita 10. Tundu la katikati liwe la duara la milimita 5. Manne yaliyobaki yarefushe kwa tupa yawe milimita 9, kwa kufuata urefu wa kipande. Hesabu yake ni hii: kipande cha sentimita 45 kinasinyaa milimita 3 hadi 4 kwenye baridi tuliyoitaja, na kwa kuwa kimeshikwa katikati, kila mwisho unasogea milimita 2 tu. Ribiti ya 4.8 katikati ya tundu la 9 ina nafasi ya milimita 2 kila upande.

7. Shikilia kipande mahali pake kwa utepe, weka alama, kitoe, toboa bati kwa biti ya 4.9. Zungushia utepe kwenye biti milimita 8 kutoka nchani kama kikomo. Kwangua vinyuzi vya alumini kwenye matundu pande zote mbili.

8. Ribiti iingizwe kutoka ndani ya handaki, kichwa bapa kikiwa upande wa mkanda, washa na mkia vikiwa juu ya bati. Anayeingiza kutoka juu anaacha mikia inayoning'inia ndani, na meno ya mkanda yataipiga moja baada ya nyingine. Anza na ribiti ya katikati na uikaze kabisa. Kwa zile za matundu marefu, kata kadi ya biashara mfano wa herufi V, ichomeke chini ya kichwa cha ribiti, vuta bunduki, kisha chomoa kadi. Umepata uwazi mdogo unaoruhusu plastiki iteleze.

9. Usizibe kingo kwa silikoni kuzunguka. Haitashika kwenye plastiki hii, na pale itakaposhika kidogo itafungia maji na mchanga ndani.

10. Chini ya tangi, pitisha kidole kwenye kila mkia wa ribiti. Wenye ncha kali usawazishe kwa tupa na uubandikie sponji ngumu. Rudisha tangi, kiti na sasipenshi. Bolti za sasipenshi zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, na dawa ya kuzuia kulegea. Pima mvutano wa mkanda upya na uhakikishe umekaa katikati.

Kabla ya safari ya kwanza, chora mistari ya wino mzito ya kukatiza kwenye vipande na kwenye mbavu za kipozeo. Nenda kilomita 10 hadi 15 kwenye njia nzuri, rudi, chungulia. Wino ukiwa umefutika kwenye kinga peke yake, nafasi ni finyu, ila kinga inafanya kazi yake. Kaza mkanda kidogo ndani ya kipimo. Ukifutika kwenye kipozeo, simama hapo hapo. Usijaribu kuangalia hili kwa kuzungusha mkanda kwa kasi ukiwa juu ya stendi na mtu amesimama nyuma. Jiwe au msumari unaochomoka hapo unaweza kuua.

Mashine zinazopozwa kwa feni hazina vipozeo kwenye handaki. Hizo funika dari yote ukitaka, kwa vipande vile vile vifupi.

Kama umechagua rangi ya mpira

Ubora wote uko kwenye maandalizi. Osha, ondoa grisi, kwangua kwa msasa namba 80, futa kwa kiyeyushi, paka rangi ya kwanza maalumu ya alumini, halafu tabaka mbili za rangi ya mpira. Palipodondokea kulanti paoshwe mara mbili, maana glaikoli iliyobaki hata kidogo itaibandua rangi kama ganda. Vipozeo vyote vifunikwe kwa utepe na karatasi kabla ya kunyunyiza. Gereji iwe na joto la zaidi ya nyuzi 15, na mashine isitoke nje mpaka rangi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Uharibifu uliokwisha kutokea

Mbonyeo usio na ufa, uache. Kuugonga mara nyingi ndiko kunakouzaa ufa.

Ufa kwenye bati: toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha funika kwa kiraka cha alumini ya aina 5052, unene wa milimita 2, kinachozidi ufa kwa sentimita 2.5 kila upande. Ribiti kila sentimita 3, na gundi ya poliurethani katikati. Ufa ulio karibu na bolti za sasipenshi si wa kiraka. Mpelekee fundi anayejua muundo wa mashine hiyo, kwa sababu hapo ndipo mzigo wote unapopita.

Kipozeo kilichotoboka huchomelewa na fundi wa alumini au hubadilishwa. Epoksi ya chuma inaweza kukurudisha nyumbani kama sehemu ni kavu na ya joto, lakini isiachwe hapo. Baada ya matengenezo, jaribu kwa pampu ya mkono bila kuzidi shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko cha kulanti. Mchanganyiko wa nusu ethilini glaikoli na nusu maji safi haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Chagua ile inayofaa alumini. Iliyomwagika ifutwe mara moja, kwani ni tamu na inaua mbwa.

Uendeshaji na matunzo

Mwanzo wa msimu, theluji ikiwa haijashikana, ndiyo miezi mibaya. Mitaro ya kandokando ya barabara huko Minnesota imejaa kokoto zilizosukumwa na magreda, na njia zilizotandikwa palipopita reli za zamani, kama ile ndefu ya Newfoundland huko Kanada, zina mawe ya reli chini ya theluji nyembamba. Ukivuka barabara au kokoto, vuka polepole bila kuongeza mafuta kwa ghafla; mkanda unaoteleza juu ya kokoto hunyanyua mawe mengi kuliko unaoviringika. Njia ikiwa ya barafu tupu, shusha vile vyuma vya kukwangua barafu pembeni mwa reli. Vinarusha unga wa barafu kwenye vipozeo, na joto linashuka.

Barafu iliyoganda ndani ya handaki isigongwe kwa nyundo wala mtaimbo. Tumia maji ya vuguvugu, nyundo ya mpira kwenye kuta za pembeni pekee, au ingiza mashine gereji ikae. Vipozeo vingi vilivyotoboka havikutobolewa na jiwe, bali na mwenye mashine aliyekuwa na haraka asubuhi.

Kila baada ya safari chache gusa vichwa vya ribiti kwa kidole. Kinachozunguka, toboa na ubadilishe siku hiyo hiyo. Kipande cha kinga kilicholiwa mpaka nusu ya unene, yaani milimita 1.5, kimekwisha. Msimu ukiisha, fungua kipande kimoja cha nyuma na uangalie alumini iliyo chini yake: ukikuta unga mweupe, vifungue vyote, osha kwa maji baridi mengi, kausha, na ufunge upya kwa ribiti mpya.